Mali Bila Daftari: Diski Zetu na Alama za Watoto

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Muhula uliopita, hata hivyo, niliyaona yakizoleka, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza iwapo sisi walimu tunavielewa vyombo tulivyovikabidhi jasho letu na siri za watoto wa wenyewe.

Mwenzangu mmoja alikuwa amechomeka flashi yake katika tarakilishi ya afisi. Tarakilishi ikamwarifu kwamba sharti flashi hiyo ifomatiwe kabla ya kutumiwa. Kwa kuwa kengele ya kipindi ilikuwa imekwisha kulia, alibonyeza kitufe cha kukubali bila ya kusoma mara ya pili. Alipoifungua, ilikuwa tupu. Humo ndimo zilimokuwa alama za tathmini za Gredi ya Saba na ya Nane, naye hakuwa amezinakili kwingine kokote.

Huenda mtu akadai kwamba hicho ni kisa cha mzembe mmoja. Sikubaliani naye. Katika mtaala wa umilisi, tathmini ya shuleni si zoezi la kupitishia wakati. Wanafunzi waliofanya mtihani wa KJSEA kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025 walihesabiwa asilimia 20 ya matokeo yao kutokana na tathmini za shuleni. Alama zikipotea kabla ya kupelekwa kwa Baraza la Mitihani, anayeumia ni mtoto ambaye hakuigusa flashi hiyo.

Je, ni nini hasa hutendeka diski inapofomatiwa? Chukua mfano wa maktaba. Mtu akiitupa katalogi yote, msomaji atakayeingia hatajua kitabu kipi kiko wapi, lakini vitabu vyenyewe vingali rafuni. Kufomati kwa haraka, ambako ndiko wengi wetu hufanya, hufuta orodha ya faili na kuacha yaliyomo mahali pake hadi yaandikiwe juu. Ndiyo maana programu kama PhotoRec, ambayo hutolewa bila malipo, huweza kupita rafu kwa rafu ikitafuta dalili za kila aina ya faili. Faili ya PDF, kwa mfano, huanza kwa herufi zinazotambulika, hata kama jina lake limepotea.

Fundi tuliyemwendea alituuliza swali moja tu kabla ya kuigusa flashi: je, kuna chochote kilichowekwa humo baada ya kufomatiwa? Tulipomjibu kwamba hakuna, alitabasamu. Kwanza alinakili flashi yote ilivyo, kisha akafanya kazi yake kwenye ile nakala na kuyahifadhi aliyoyapata katika diski nyingine. Faili nyingi zilirejea, ila bila majina, na mwenzangu alikesha akizifungua moja baada ya nyingine ili ajue ipi ni ya darasa lipi. Mbili zilikuwa zimeharibika kabisa. Alama za hizo alizipata kwa kuwaomba wanafunzi karatasi zao za zamani.

Nisieleweke kuwa ninahubiri kwamba kila kitu huokolewa. Tangu Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka wa 2007, kufomati kikamilifu huandika sufuri juu ya diski nzima, na hapo hakuna fundi wa kukufaa. Diski za kisasa za SSD nazo, zikishaarifiwa kwamba sehemu fulani haitumiki tena, aghalabu huisafisha zenyewe. Anayetegemea bahati ya mwenzangu atakuja kulia.

Wala balaa hili halichagui tajiri na maskini. Mwaka wa 2006 katika jimbo la Alaska, Marekani, fundi wa idara ya mapato alifomati kwa makosa diski yenye kumbukumbu za mfuko wa mafuta wa thamani ya dola bilioni 38. Akafomati na diski ya akiba. Kanda za akiba nazo zikakataa kusomeka. Kilichowaokoa ni masanduku ya kadibodi takriban 300 yaliyojaa fomu za karatasi, ambazo ilibidi zipigwe picha upya kwa gharama ya zaidi ya dola 200,000. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio unaoninyima usingizi. Ikiwa mwalimu anaweza kurejeshewa alichokifuta, basi mtu baki naye anaweza kukipata. Watafiti wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski kuukuu 158. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2003, diski 129 zilikuwa zikifanya kazi, na 12 tu miongoni mwazo ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Walipata nambari za kadi za benki zaidi ya 5,000. Mnamo 2022, benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 huko Marekani kwa kutoangalia jinsi diski zake za zamani zilivyotupwa.

Hapa kwetu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi habari za watu azifute zisipohitajika tena, na inawapa watoto ulinzi wa pekee. Sasa nauliza: shule inapouza tarakilishi zake kuukuu, ni nani huhakikisha kwamba majina ya wanafunzi, nambari za simu za wazazi na barua za nidhamu hazimo tena? Kumwachia kazi hiyo mnunuzi ni sawa na kumuuzia kabati na kumwachia faili ndani yake.

Kwa maoni yangu, haya yanawezekana bila ya kungoja bajeti. Kila alama iwe na nakala mbili, moja nje ya shule, pamoja na daftari la karatasi lililotiwa sahihi. Diski ikifutika, isiandikwe chochote hadi fundi aione. Na diski inayoondoka shuleni iandikwe sufuri kote, au itobolewe, mbele ya shahidi.

Mwenzangu siku hizi ana daftari jekundu la jalada gumu mezani pake. Vijana wanamcheka kwa hilo. Mali bila daftari huisha bila habari, nao ndio mali yenyewe.