Moshi mwingi, moto hakuna

Najua UE zinanukia, lakini leo naomba tuongelee moto.

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Sibishi, ila naongezea: panapofuka moshi mwingi, moto wa maana hakuna. Pita Jumamosi yoyote nyuma ya mageto tunakopanga, utakuta washkaji wana shimo lao la kuchomea nyama. Kuni mbichi zimerundikwa, mmoja anapuliza huku machozi yanamtoka, mwingine anamimina mafuta ya taa. Wasomi wote hao!

Msimamo wangu ni huu: mafuta ya taa na plastiki havina kazi kwenye moto wa kuni. Anayevihitaji, ama kuni zake ni mbichi ama hajaacha nafasi ya hewa. Basi.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Lazima yale maji yachemke kwanza, na joto linaishia humo. Ule moshi ni ukuni ambao haujaungua vizuri, umekosa joto au hewa. Kuni zilizokaa juani miezi kadhaa, zimepasuka vichwani na ukizigonga zinalia ko ko ko, hizo kiberiti kinatosha.

Bibi zetu hawakusoma fizikia, lakini mafiga matatu yanapitisha hewa chini. Anza na majani makavu, weka vijiti vya unene wa penseli, halafu vya dole gumba, ndipo zije kuni zenyewe. Kisha usirundike, sukuma ukuni taratibu kadiri unavyoungua.

Sasa mafuta ya taa. Ukiyamwaga juu ya makaa yanageuka mvuke, mvuke ukilipuka moto unamfuata aliyeshika kidumu. Petroli ndio usiseme kabisa. Na plastiki je? Mifuko ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini watu bado wanawashia chupa na vipande vya ndoo, halafu nyama iko juu ya moshi huo huo. Jamani!

La mwisho ndilo linaloua. Makaa yaliyobaki msiyaingize chumbani eti kuota joto, hasa wenzangu mnaotoka Mbeya na Njombe kwenye baridi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, unalala, huamki. Mwaga maji, koroga, mwaga tena mpaka majivu yapoe. Kufukia kwa mchanga tu ni kuficha, makaa yanaweza kukaa na moto chini kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto wa mwenye nyumba anapita pale peku.

Najua kuna atakayesema zama hizi ni za gesi. Sawa, mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono. Ila mpaka tufike huko kuni bado zipo, tuziwashe kwa akili.

Nawasilisha.