Mwalimu wa Katikati si Nusu Mwalimu

Iko dhana moja iliyoenea katika nchi ya Kenya, mijini na mashambani, barazani na katika ofisi za wakubwa, hata imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi; nayo ni kwamba mtoto mdogo anatoshwa na mwalimu mdogo, mtoto mkubwa ndiye astahiliye mwalimu mkubwa, na yule aliye baina ya hao wawili, mwenye miaka 12 hadi 15, ambaye sauti yake inavunjika na hajui bado kama ni mtoto au mtu mzima, huyo apewe yeyote aliyesalia. Kwa dhana hiyo, kijana aliyekaa chuo kikuu miaka 4 akatoka na shahada ya ualimu, kisha akapelekwa kufundisha gredi ya 7, huhesabiwa kuwa ameshushwa cheo, na ami zake humwuliza harusini, kwa huruma inayoumiza kuliko tusi, kama hakuna njia ya kumpatia shule ya sekondari iliyo sekondari kwelikweli. Nasema dhana hii ni batili, tena ina madhara. Na nazidi kusema kwamba ikiwa hazina ya nchi haina fedha ila ya kumsomesha vema mwalimu wa ngazi moja tu, basi ngazi hiyo na iwe hii ya katikati.

Chimbuko la fikira hii si siri. Mnamo 1949 Kamati ya Beecher iliipangia elimu ya Waafrika wa Kenya ngazi tatu za miaka minne minne: msingi, kisha ile iliyoitwa intamidieti, kisha sekondari, na baina ya ngazi na ngazi pakawekwa mtihani, mmoja mwishoni mwa darasa la 4 na mwingine mwishoni mwa darasa la 8, ambao kazi yake kubwa haikuwa kumjua mtoto bali kumwondoa, maana nafasi za mbele zilikuwa chache mno. Katika mpango wa namna hiyo cheo cha mwalimu kilifuata darasa la mwanafunzi. Aliyefundisha juu alikuwa na cheti kikubwa, mshahara mkubwa na salamu za staha njiani, na aliyefundisha chini aliridhia kilichobaki. Katika zama za Tume ya Ominde ya 1964 elimu ya msingi ikawa ya miaka 7 na intamidieti ikafutika. Mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ukaiongezea elimu hiyo ya msingi mwaka mmoja. Na kwa muda wa karibu miaka 60 umri wa katikati haukuwa na shule yake wala mwalimu wake. Januari 2023 ngazi hiyo ilirudi kwa jina la Sekondari Msingi, ambayo watu wengi huiita JSS kwa ufupisho wa jina lake la Kiingereza, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, ikawekwa ndani ya nyua za shule za msingi kwa pendekezo la jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu. Madarasa yalirudi. Heshima ya anayeyafundisha haikurudi, kwa sababu haikuwahi kuwako.

Tazama, ewe msomaji, jinsi dhana inavyogeuka kuwa mshahara. Walimu wengi waliopelekwa katika madarasa hayo, wenye hati za vyuo mikononi na nambari za usajili za Tume ya Huduma za Walimu, waliandikwa kuwa wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, kana kwamba wangali wakijifunza kazi ambayo Tume hiyo hiyo ilikwisha kukiri kwa muhuri wake kwamba wanaiweza. Ilibidi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iamue, mwezi wa Aprili 2024, kwamba kuwatumia walimu waliohitimu na kusajiliwa kwa namna ile hakukuwa halali, na ilibidi wenyewe waingie katika mgomo, ndipo baadaye wengi wao wakapata ajira ya kudumu. Lakini liko jambo ambalo mgomo haukuligusa wala hukumu haikulitaja. Ziko shule zilizoanza ngazi hii na mwalimu mmoja, naye amesomea Kiswahili na historia, akakabidhiwa Hisabati, Sayansi Jumuishi, Kilimo na Lishe, na Masomo ya Awali ya Kiufundi ambayo yeye mwenyewe hakuyaona hata siku moja katika maisha yake ya uanafunzi. Na wazazi walipolalamika waliambiwa wasione tabu, hao ni watoto tu, mwalimu atasoma kitabu usiku na kuwasomesha asubuhi.

Ni watoto tu! Neno hili ndilo shina la upotovu wote, na anayelisema hajapata kukaa na daftari la gredi ya 7 akalisoma kwa insafu. Mwulize mtoto ipi ni kubwa, 0.35 au 0.4, naye atakujibu kuwa ni 0.35, kwa kuwa 35 inazidi 4. Mwalimu asiyefunzwa atatia mkasi mwekundu na kupita. Jirani yake kwenye dawati atajibu kuwa 0.4 ndiyo kubwa, atapata alama ya sahihi na kusifiwa, ilhali huenda kichwani mwake ana kanuni mbovu zaidi ya ile ya mwenzake: anaamini kwamba desimali fupi ni kubwa daima, maana sehemu za kumi ni kubwa kuliko sehemu za mia, na kesho ukimletea 0.4 na 0.45 ataanguka palepale ambapo yule wa kwanza atasimama. Huyu aliyepata ndiye mgonjwa aliyefichika. Kumtambua hakutaki mtu ajuaye desimali, kwani desimali twazijua sote tuuzao na kununua; kunataka mtu aliyesoma namna ambavyo akili ya umri ule hujipotosha, akajua swali la pili litakaloufichua ugonjwa, na mfano wa tatu utakaouponya bila ya kumvunja moyo mgonjwa.

Na haya si ya hesabu peke yake. Katika kitabu walichokitoa 1955, Jean Piaget na Bärbel Inhelder walieleza jinsi mtoto, aghalabu tangu miaka 11 au 12, anavyoanza kutoka katika vitu anavyovishika na kuingia katika mambo yanayowezekana tu: herufi iliyosimama mahali pa namba, chembe isiyoonekana kwa jicho, sheria ya nchi ambayo hakuna aliyeiona ikitembea. Wataalamu wa baadaye wamebishana nao juu ya miaka na hatua, na wana haki. Walakini hakuna mwalimu wa ngazi hii atakayekana kwamba mabadiliko hayo hutokea mbele ya macho yake, wala kwamba hayatokei kwa watoto wote siku moja, bali katika dawati moja huyu amevuka na yule angali ng'ambo. Mwaka 1986 Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford alipambanua baina ya kulijua somo na kulijua somo kwa ajili ya kulifundisha, akaonyesha kuwa hizo ni elimu mbili na kwamba ya pili ina kina chake na mitaala yake. Ndivyo ilivyo baharini pia: nahodha yeyote mwenye dira ataivuka bahari kuu, ambako maji ni marefu pande zote; lakini afikapo mlango wa Kilindini, penye miamba kulia na kushoto, humngoja rubani aliyeusomea mlango ule, na hakuna tajiri wa meli aliyepata kusema kuwa kwa kuwa safari ya mlangoni ni fupi, basi apelekwe baharia wa kawaida.

Najua nitakalojibiwa. Wazee watanikumbusha walimu wa zamani, wenye cheti tu na baiskeli, waliotoa mawaziri na mahakimu. Nawaheshimu walimu hao, na baadhi yao walikuwa na maarifa ambayo leo yangestahili uprofesa. Ila mwenye kuwasifu aseme pia kwamba waliyapata maarifa hayo kwa kujaribu juu ya watoto wa watu kwa miaka mingi, na kwamba katika mfumo ule wa kuondoana, walioshindwa hawakuandikwa katika hesabu ya mwalimu, walirudi makwao kimya. Mawaziri twawakumbuka. Wale walioachwa katika darasa la 4, ambao walikuwa wengi zaidi, ni nani awezaye kuwataja? Ama wale wanaolia gharama, jibu lao ni fupi: Ufini huwataka walimu wa madarasa ya 7 hadi 9 wawe na shahada ya uzamili, ileile inayotakiwa kwa walimu wa sekondari ya juu; na nchi hiyo ilipouanza mpango huo katika miaka ya 1970 haikuwa tajiri kama tuionavyo leo.

Hoja nzito kuliko hizo ni ile inayotoka kwa walimu wenyewe, nayo sina budi kuikubali: kwamba shahada kama wengi wao walivyoisoma haikuwafaa. Ni kweli. Ilisukwa kwa ajili ya kidato cha 1 hadi cha 4, masomo mawili ya kufundishia na si zaidi, falsafa ya elimu ikasomwa kwa mihadhara ndani ya kumbi zilizofurika, saikolojia ya mtoto ikakaririwa usiku wa kuamkia mtihani, na mazoezi ya kufundisha yakafanywa kwa muhula mmoja, mhadhiri akija mara chache na fomu yake, akaketi nyuma ya darasa, akajaza, akaondoka kabla ya kengele. Mwenye shahada ya namna hii akiingizwa gredi ya 8 hutapatapa, na watu wakimwona akitapatapa hukata shauri kwamba shahada haina kazi pale. Hilo ni kosa la kuamua, sawa na kuihukumu dawa kwa mgonjwa aliyepewa chupa ya mwingine. Linalofuata kwa mantiki ni kuwa ngazi hii inahitaji shahada yake yenyewe: yenye eneo pana la masomo yanayofungamana, kwa mfano sayansi yote kwa jumla pamoja na hesabu, au lugha pamoja na elimu ya jamii, yenye mafunzo marefu juu ya makosa ya wanafunzi na sababu zake, na yenye mwaka mzima, si muhula, ndani ya darasa la gredi ya 7 hadi ya 9, chini ya mwalimu mkongwe anayelipwa kwa kazi hiyo ya kulea.

Basi wakuu wa vyuo vikuu waache kuwapeleka wanafunzi wa ualimu mazoezini katika sekondari ya juu na kuwakabidhi kazi katika gredi ya 7. Tume ya Huduma za Walimu nayo impe mwenye shahada wa Sekondari Msingi daraja, mshahara na njia ya kupanda cheo ileile ya mwenzake wa sekondari ya juu, bila ya kumlazimisha alihame darasa ndipo apande. Nanyi wazazi, mtakapokwenda kwenye mkutano wa shule muhula ujao, msiulize kwanza habari ya basi na sare; ulizeni mwalimu wa sayansi wa gredi ya 8 amesomea nini, na msiondoke mpaka mjibiwe.