Kompyuta ya nyumbani ikinyamaza, usikimbilie kununua mazabodi

Jumamosi asubuhi, katika nyumba moja ya Isevya, Manispaa ya Tabora, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 67 aliwasha kompyuta yake ya mezani, akatulia kusubiri. Kwa kawaida mashine hiyo humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Siku hiyo haikusema neno.

"Mjukuu wangu, hebu njoo. Hiki chombo kimekufa?"

"Shikamoo bibi. Mbona kinawaka? Kioo kinaonesha kila kitu."

"Marahaba. Kinakuonesha wewe. Mimi hakijaniambia kitu."

Mwalimu huyo alipoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho. Ugonjwa huo huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi huanza bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Kinachowezekana ni kuuwahi na kuuzuia usiendelee.

Kompyuta yake inatumia Ubuntu, mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux unaopatikana bure. Ndani yake imo Orca, programu inayomsomea asiyeona, na sauti ya eSpeak NG inayoweza kutamka Kiswahili. Kwake kadi ya sauti si starehe ya muziki. Ndiyo gazeti, ndiyo barua za watoto walio mbali.

Fundi aliyepigiwa simu alijibu haraka: mazabodi imekufa, inunuliwe nyingine. Si ajabu akifikiri hivyo, kwa sababu katika kompyuta nyingi za mezani kadi ya sauti ni kijisehemu kilichochomelewa kwenye mazabodi yenyewe. Lakini kwa anayeishi kwa pensheni, jibu hilo ni zito. Mjukuu, kijana wa kidato cha tano, aliomba siku moja ya kutafuta chanzo.

Sauti husafiri kama msafara

Watu wa Tabora wanaijua habari ya misafara. Mizigo iliyobebwa mabegani na Wanyamwezi ilipita hapa ikitoka Ujiji kwenda Bagamoyo, na hapa njia ziligawanyika: moja magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Ziwa Victoria. Mzigo usipofika, busara ni kuuulizia kituo kwa kituo.

Sauti ya kompyuta nayo hutoka kwenye programu, hupita kwenye mfumo endeshi, hufika kwenye kadi ya sauti, kisha hutoka kwa waya hadi kwenye spika. Inaweza kukwama kituo chochote, au kushika njia nyingine kabisa. Ni rahisi kuanza mwisho na kurudi nyuma.

Kwanza, spika. Zichomekwe kwenye simu au redio. Zikilia, ni nzima. Kisha pini irudishwe nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la kijani. La pinki kwa kawaida ni la maikrofoni, na wengi hukosea hapo.

Pili, njia iliyochaguliwa. Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya Sauti, uangalie sauti inapelekwa wapi. Kioo kilichounganishwa kwa waya wa HDMI nacho huhesabiwa kuwa kifaa cha sauti, hata kama hakina spika.

Tatu, sauti iliyofungwa. Katika dirisha la amri andika alsamixer, kisha bonyeza F6 uchague kadi ya mazabodi. Chini ya mstari wa sauti, herufi MM maana yake umenyamazishwa. Bonyeza M kuufungua. Angalia pia Auto-Mute. Ikiwa imewashwa, hedifoni iliyochomekwa mbele inaweza kuzinyamazisha spika za nyuma.

Nne, je, kadi inatambuliwa? Andika aplay -l. Jina la kadi ya mazabodi likitokea, mfumo unaiona, na hakuna sababu ya kuizika mapema. Lisipotokea, iangaliwe kama imezimwa kwenye BIOS, kisha mfumo usasishwe na mashine iwashwe upya. Njia nyingine ni kuiwasha kwa flashi yenye toleo jingine la Linux. Sauti ikitoka huko, tatizo ni la programu.

Yote yakishindikana, bado haijafika zamu ya kununua mazabodi. Kipo kijikadi cha sauti cha kuchomeka kwenye USB, na vingi hufanya kazi kwenye Linux bila kuongezewa programu yoyote.

Katika nyumba ile ya Isevya, jibu lilikuwa kituo cha pili. Ijumaa kioo cha zamani kiliharibika, na kijana akafunga kingine kwa waya wa HDMI. Tangu hapo sauti ilikuwa ikipelekwa kwenye kioo kisicho na spika. Alipochagua tena spika za kawaida, mashine ilizungumza kwa kishindo. Bibi aliruka kwenye kiti, kwa kuwa wakati wa kutafuta kijana alikuwa amepandisha kila kitu hadi mwisho.

Masikio nayo yalindwe

Hapo ndipo familia nyingi husahau. Sauti inapotafutwa, hedifoni isiwe masikioni, na kiwango kishushwe kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Ushauri rahisi wa nyumbani ni kutovuka asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Kwa asiyeona, ambaye masikio ndiyo yanayomsomea, tahadhari hiyo ina uzito zaidi.

Kabla ya jioni, kijana alimfundisha bibi yake kuwasha na kuzima Orca kwa kubonyeza Alt, Super na S kwa pamoja. Kijikadi cha USB nacho kiliingizwa kwenye orodha ya manunuzi ya mwezi ujao, kikae akiba kwenye droo.

Bibi alikuwa na agizo lake pia. Presha ya macho hutembea katika familia, na hatari huongezeka baada ya miaka 40. Baba wa kijana huyo ana miaka 45 na hajawahi kupimwa.

"Mwambie baba yako Jumatatu aende kliniki ya macho," alisema. "Asiseme anaona vizuri. Mimi nami nilikuwa naona vizuri."