Katuni za Wasichana na Wajibu wa Wachapishaji

Katika biashara ya vitabu ya Marekani ilidaiwa kwa miaka mingi kwamba wasichana hawapendi katuni, na kwamba mchapishaji anayewashughulikia hupoteza fedha zake; lakini mwenye kuyapima mambo kwa haki ataona kuwa hukumu hiyo huwatwika wasomaji lawama inayowastahili wauzaji. Joe Simon na Jack Kirby walipoanzisha Young Romance mwaka 1947, jarida la visa vya mapenzi vilivyosimuliwa kwa picha, wasichana na wanawake vijana walilinunua kwa wingi, kwa kuwa liliuzwa pamoja na magazeti mengine, mahali walipopita kila siku. Kuanzia miaka ya 1970 biashara ya katuni ilihamia hatua kwa hatua kwenye maduka maalumu ya katuni, ambayo huagiza nakala bila haki ya kurudisha zisizouzika. Mwenye duka, kwa kuchelea kubaki na mzigo, aliagiza zaidi yale waliyoyazoea wateja wake wa siku zote, wengi wao wanaume, na msichana asiyeingia humo hakupata hata nafasi ya kuchagua.

Kisa cha Minx kinafundisha zaidi. Minx ilikuwa chapa, yaani tawi la mchapishaji lenye jina lake lenyewe, ambayo DC Comics iliizindua mwaka 2007 kwa ajili ya wasichana waliokaribia utu uzima. Nia ilikuwa njema, na kitabu cha kwanza, The Plain Janes cha Cecil Castellucci na Jim Rugg, kilikuwa kazi nzuri kwelikweli; lakini wengi wa waandishi na wachoraji wa mwanzo walikuwa wanaume, na ilikuwa vigumu kuvipatia vitabu hivyo nafasi penye riwaya za vijana, ambako wasomaji waliokusudiwa wangeviona. Septemba 2008, kabla haijatimiza miaka miwili, chapa hiyo ilifungwa. Muda huo hautoshi kujenga mazoea ya kusoma kwa mtoto yeyote, sembuse kwa kizazi kilichozoeshwa kuamini kuwa katuni ni mali ya wavulana.

Kampuni ya uchapishaji ya Scholastic ilishika njia nyingine. Chapa yake ya Graphix, iliyoanza mwaka 2005, ilimkabidhi mchora katuni Raina Telgemeier kazi ya kuzichora upya riwaya za The Baby-Sitters Club za Ann M. Martin, ambazo wasichana walikwisha kuzipenda, kisha mwaka 2010 ikachapisha Smile, kisa chake mwenyewe cha meno yaliyoumia utotoni. Vitabu hivyo vilifika hadi shuleni, katika maonyesho ya vitabu yanayoendeshwa na kampuni hiyo, ambako mtoto huchagua kwa mkono wake. Guts, kitabu kingine cha Telgemeier, kilipotoka mwaka 2019, nakala zilizopigwa chapa kwa mara ya kwanza zilikuwa milioni moja.

Yampasa basi mchapishaji, kabla ya kutamka kwamba wasichana hawasomi, aulize kitabu kiliwekwa wapi, kilitangazwa kwa nani na kilivumiliwa kwa muda gani; na yawapasa wakutubi na wazazi wamdai majibu. Mwaka 2020 The Plain Janes ilitolewa tena na Little, Brown, safari hii na idara ya vitabu vya vijana, pamoja na sehemu ya tatu iliyokuwa haijapata kuchapishwa. Msichana aliyekuwa na miaka 13 wakati wa toleo la kwanza alikuwa sasa na miaka 26.