Usisubiri gari likuambie: shambani oili huhesabiwa kwa saa

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, naongelea oili ya injini. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaingilia kazi ya mafundi. Sawa. Lakini trekta likinoki katikati ya msimu wa kulima, mimi ndiye ninayepigiwa simu kuulizwa mbegu gani ya muda mfupi bado inaweza kuwahi mvua. Kwa hiyo hili ni langu pia.

Kilichonisukuma ni kijana mmoja mkulima wa nyanya wa kule Ilula, Iringa. Ana gari la Ulaya alilolinunua mkononi mwa mtu, analitumia kutoa matenga shambani na kuyafikisha barabara kuu, kilomita nne hivi, mara nyingi kwa siku. Nilipomuuliza mara ya mwisho alimwaga oili lini, akajibu, "Bado, bwana shamba. Gari haijaniambia." Akanionyesha dashibodi: zimebaki kilomita elfu kumi na moja. Gari analo zaidi ya mwaka, na hajui aliyemuuzia aliweka oili gani.

Nasema msimamo wangu mapema ili tusizungushane. Kama gari au mashine yako inaishi shambani, usiiachie kompyuta ikupangie sevisi. Fuata vipindi maalumu, na vipindi hivyo uvihesabu kwa saa ambazo injini imefanya kazi. Kilomita ziwe msaada tu.

Tuelewane kwanza. Kuna namna mbili za kupanga sevisi. Ya kwanza ndiyo tuliyoizoea: kitabu kinasema badilisha oili kila kilomita kadhaa au kila baada ya miezi kadhaa, kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Ya pili ni ile inayobadilika. Gari lenyewe linakadiria. Linaangalia umewasha injini mara ngapi ikiwa baridi, safari zako ni ndefu au fupi, injini inazunguka kwa kasi gani na inapata joto kiasi gani, kisha linakuandikia zimebaki kilomita ngapi. Volkswagen, kwa mfano, wana mfumo wao wanaouita LongLife, unaoweza kufika hadi kilomita 30,000 au miaka 2 bila kumwaga oili. Ila kwa sharti kwamba ndani kuna oili ya viwango vyao maalumu, 504 00 au 507 00, ambavyo lazima viandikwe kwenye dumu.

Sisemi huo ni ulaghai. Kwa mtu wa Ujerumani anayeendesha kilomita mia moja za lami kila siku, injini ikiwa moto na hewa safi, ni mpango mzuri na unamwokolea hela. Tatizo ni kwamba watu wengi wanadhani gari linaonja oili na kujua imechoka. Mifumo mingi haifanyi hivyo. Inapiga hesabu tu. Haioni vumbi linalopita kwenye mpira wa hewa uliochanika. Haijui kama fundi alikuwekea oili ya bei ya chini badala ya ile ya viwango, itaendelea kukuhesabia zile kilomita nyingi kana kwamba ya gharama ndiyo iliyomo. Na mtu akifuta ile alama kwenye dashibodi bila kumwaga kitu, gari linaamini limefanyiwa sevisi. Ukinunua gari la mkononi, namba unayoiona pale ni neno la mtu usiyemjua.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisomi. Vitabu vingi vya magari vina ratiba mbili: ya matumizi ya kawaida na ya matumizi mazito. Matumizi mazito maana yake ni barabara za vumbi, mizigo mizito au kuvuta tela, safari fupi fupi, na kuacha injini inanguruma gari likiwa limesimama. Isome hiyo orodha taratibu. Ni kama aliyeiandika alishinda nawe siku nzima ya kuvuna. Ratiba ya matumizi mazito mara nyingi inakata muda karibu nusu, na ndiyo inayokuhusu wewe, hata kama gari lako ni zuri na unalitunza. (Magari yetu mengi ya Japani kitabu chake kiko kwa Kijapani, kimekaa kwenye kisanduku cha dashibodi na hakuna aliyewahi kukifungua. Siku hizi simu inatafsiri picha. Kipige picha.)

Kwa nini safari ya kilomita nne iwe mbaya kuliko ya mia nne? Injini ikiwa baridi, petroli isiyoungua yote inateremka pembeni mwa pistoni na kuchanganyika na oili. Mvuke nao unaganda kuwa maji humo ndani. Ukienda mbali injini inapata joto la kutosha, vile vitu vinakauka na kutoka. Ukizima baada ya kilomita nne, vinabaki. Kesho unaongeza vingine. Kwenye dizeli kuna masizi, na kuna asidi inayotokana na kuungua kwa mafuta. Oili imewekewa dawa za kupambana na hayo yote, lakini dawa hizo zinatumika na kuisha, kama kiuatilifu kwenye jani. Na wakati huo wote geji ya kilomita haijasogea sana.

Hapo ndipo ninapotofautiana hata na mafundi wetu. Wengi wanabandika stika moja kwa kila mtu: rudi baada ya 5,000. Chukua kalamu tupige hesabu. Pikapu inayokwenda Dar na kurudi, mwendo wa wastani kilomita 50 kwa saa, inamaliza kilomita 5,000 kwa saa 100. Pikapu ileile ikizunguka njia za shambani, inasimama kupakia, inasubiri vibarua injini ikiwaka, wastani ukishuka hadi kilomita 20 kwa saa, inafika kilomita hizo hizo baada ya saa 250. Stika ni moja, oili imefanya kazi mara mbili na nusu. Sasa yule anayeambiwa 10,000 kwa kuwa eti ameweka oili ya sintetiki? Kwa mwendo huo wa shambani ni saa 500. Kwenye trekta nyingi tulizozizoea hapa nchini, kitabu kinasema mwaga oili kila saa 250. Yaani pikapu yako unaipa mzigo mara mbili ya trekta, halafu unashangaa inakula oili.

Na kwa upande mwingine, yule wa lami tupu anaweza akawa anamwaga oili ambayo bado ni nzima. Stika haimtendei haki yeyote kati yao.

Mimi kwa pikapu ya shambani huwaambia vijana wasipitishe saa 150 hadi 200, au miezi sita, hata kama kilomita hazijatimia. Kitabu chako kikitaka mapema zaidi, fuata kitabu. Na kwa wenye magari yenye sevisi ya kubadilika, mengi yake yanaweza kurudishwa kwenye vipindi maalumu na fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta. Si kazi kubwa. Mwambie akubadilishie siku unapomwaga oili, ili hesabu ianze na kitu unachokijua.

Sasa pampu za maji, ambako ndiko ninakoona maumivu zaidi. Zile injini ndogo za petroli za pampu ya inchi 3, kama Honda GX160 na zile zilizoigwa kwake, hazina filta ya oili kabisa. Oili yake ni kama nusu lita na kidogo, inarushwarushwa tu humo ndani. Uchafu wote unaozalishwa unabaki kwenye hiyo nusu lita. Kitabu cha GX160 kinasema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 au mwezi 1, na baada ya hapo kila saa 100 au miezi 6. Saa 20! Kwa mkulima wa vitunguu anayemwagilia saa tano kwa siku, hizo ni siku nne. Ni wangapi wanamwaga oili ya pampu iliyofika juzi? Wanasema bado mpya. Lakini ni kwa sababu ni mpya ndiyo inatakiwa imwagwe, maana vyuma vinaposuguana mara ya kwanza vinaacha unga wake ndani.

Piga hesabu ya msimu. Saa tano kwa siku, siku tatu kwa wiki, ni saa 15 kwa wiki. Kabla ya wiki ya saba kuisha saa 100 zimetimia. Nyanya bado ziko shambani na oili imeshamaliza kazi yake. Pampu ikizima wakati matunda yanajaa, hata ukipata nyingine ya kuazima baada ya siku nne au tano, kuoza kitako na kupasuka kwa matunda hakukusubiri.

"Lakini pampu haina mita ya saa." Kweli. Zipo mita ndogo zinazofungwa kwenye waya wa plagi, bei yake haitishi. Kama hutaki kununua, tumia petroli kama saa. Jaza tanki, washa, angalia linakaa muda gani. Likikaa saa mbili, basi matangi 50 ni saa 100. Chora mstari kwenye ukuta wa banda kila unapojaza. Kijana wako wa maji atalifanya hilo bila shida.

Kwenye trekta mita ya saa ipo, kwa hiyo tatizo siyo kujua. Tatizo ni hela, na nataka tuliseme wazi. Trekta jipya kwa kawaida linataka sevisi ya kwanza baada ya saa 50 hivi. Msimu ukiwa umewaka unalima saa kumi kwa siku, kwa hiyo ni siku ya tano. Wateja wamepanga foleni, mkopo una tarehe yake, mvua inakaribia. Na dereva wako unamlipa kwa ekari. Kila saa trekta likisimama kwa sevisi, ni yeye anayekosa. Unategemea atakupigia simu kukuambia, "Bosi, saa zimetimia, nisimame"? Hatapiga. Mimi nisingepiga. Kwa hiyo mlipe ile nusu siku ya sevisi kana kwamba amelima. Ukifanya hivyo utashangaa jinsi mita inavyoanza kusomwa. Filta na oili vinunuliwe kabla ya msimu, vikae ndani, maana kusubiri filta itoke mjini ndiko kunakowafanya watu waseme "tumalizie kwanza kwa huyu mzee".

Nimesikia pia hoja ya "mbona nimeongeza oili juzi". Kuongeza ni lazima kiwango kikishuka, lakini ile chafu haijaenda popote. Ni kama kuongeza maji kwenye ndoo uliyonawia. Na rangi isikudanganye upande wowote. Oili ya dizeli inaweza kuwa nyeusi baada ya siku mbili na ikawa nzima, kwa sababu inabeba masizi kama ilivyotumwa. Oili ya pampu inaweza kuonekana ya dhahabu huku imejaa petroli. Ukivuta kijiti, nusa. Ikinuka petroli, au ikiwa nyepesi kama maji, au ina povu la rangi ya maziwa, usingoje saa wala kilomita.

Filta ibadilishwe kila unapomwaga oili, siyo kuruka mara moja moja. Filta nyingi zikiziba, zinafungua njia ya pembeni ili injini isikose oili, na hapo oili inapita bila kuchujwa. Hutasikia mlio wowote. Eya klina ikague kila siku wakati wa vumbi, na kamata kila mpira na klipu kwa mkono wako, maana vumbi likiingia na hewa, hakuna oili itakayookoa ringi za pistoni.

Jambo dogo kuhusu kununua. Namba kama 15W-40 inakuambia uzito wa oili tu. Ubora unaandikwa kwa herufi za API: zinazoanza na C, kama CI-4, ni za dizeli, na zinazoanza na S, kama SN, ni za petroli. Linganisha na kitabu. Nunua dumu lenye sili ambayo haijaguswa, na ukimaliza litoboe, ili lisirudi sokoni limejazwa vitu vya ajabu.

Oili chafu isimwagwe mferejini wala karibu na kisima. Wengi mnaipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Naelewa kwa nini, lakini inateremka kwenye udongo, na kwenye bustani ya mboga sitaki kuiona kabisa. Ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko, uiandike, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu siku unayokwenda mjini kununua filta.