Ugumu Si Uimara

Kuna agizo moja ambalo ningelipiga marufuku katika gereji zetu zote, kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Unga Limited, Arusha: "Ongeza bamba moja."

Mwenye Land Cruiser ya zamani analalamika kwamba gari limelala nyuma. Fundi anachungulia uvunguni, anaona springi zimenyooka, anakwenda kwenye rundo la vyuma vya magari yaliyokwisha kuchinjwa na kuchomoa bamba linalokaribiana na yale yaliyopo. Linapachikwa, yu-bolti zinakazwa, gari linasimama wima. Mwenye gari analipa na kuondoka akiamini limeimarishwa.

Halijaimarishwa. Limefanywa gumu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sisemi hivi kwa kuzidharau springi za mabamba. Wapo wanaoziona kama masalia ya mkokoteni wa farasi, wakidhani dawa ni kuzing'oa zote na kufunga za koili. Mimi si mmoja wao. Fungu la mabamba linafanya kazi tatu kwa mpigo: linabeba uzito, linaishikilia ekseli mahali pake, na msuguano wa bamba juu ya bamba unapunguza mdundo. Likivunjika bamba moja la katikati, yaliyobaki mara nyingi hukufikisha nyumbani ukienda polepole. Toyota wenyewe, walipofunga koili mbele ya Land Cruiser hardtop mwaka 1999, nyuma waliacha mabamba, kwa sababu nyuma ndiko kunakokaa mzigo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyozibadilisha springi hizi, tukikadiria kwa macho kitu kinachotaka kupimwa.

Tuanze na hesabu, maana haina upendeleo. Ugumu wa bamba hufuata kipeo cha tatu cha unene wake. Chukua mabamba mawili ya urefu na upana sawa, moja la milimita 8, jingine la milimita 10. Kwa macho, tofauti ni ndogo mno. Lakini 8 mara 8 mara 8 ni 512, na 10 mara 10 mara 10 ni 1,000. Bamba hilo la milimita 10 lina ugumu unaokaribia wa mabamba mawili ya milimita 8. Kwa hiyo anayesema "ongeza bamba moja" bila kupima unene hajui ameongeza moja au mawili. Anachojua ni kwamba gari limenyanyuka.

Hapo nitajibiwa kwa jibu tulilolizoea: barabara zetu ni mbovu, gari laini halitadumu. Jibu hili limekaa vinywani muda mrefu hadi hakuna anayelihoji, nalo limegeuza mambo juu chini. Barabara mbovu haidai springi ngumu. Kinachodai springi ngumu ni mzigo mzito. Kwenye makorongo, springi inatakiwa ikunjuke gurudumu lifuate shimo, kisha ikunjike gurudumu lipande tuta, huku bodi ikibaki imetulia. Springi ngumu kupita mzigo wake haikunjiki. Gurudumu likiruka, gari zima linaruka nalo, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halifuati usukani. Wanaoita ulaini anasa wasahau viti vya ngozi na wafikirie tairi linalobaki ardhini.

Zaidi ya hapo, nguvu ambayo springi imekataa kuimeza haipotei. Inakwenda kwenye mabano ya springi, kwenye chesisi, kwenye viungo vya kulehemu, na mwisho kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa nyuma. Springi inabadilishwa kwa siku moja. Chesisi iliyopasuka inalehemiwa, inapasuka tena, na gari linaanza safari ya kwenda kuwa rundo la vyuma. Tumekilinda kifaa rahisi kubadilisha kwa kukitoa kafara kigumu kubadilisha.

Kijana mwenye Suzuki Samurai anayetaka inyanyuke ili ipendeze pichani anajidhuru kwanza mwenyewe: uzito unapanda juu, propela shafti inafanya kazi kwa pembe kali, mpira wa breki unavutika. Huyo angalau kiti cha mbele ni chake.

Lakini Land Cruiser hardtop ndiyo pia ambulensi ya wilaya nyingi za vijijini. Ni gari linaloweza kupakia watu zaidi ya kumi, na springi zake za nyuma zinapangwa kwa mzigo wa namna hiyo. Siku ya rufaa, nyuma kuna mama mwenye uchungu, muuguzi na ndugu mmoja. Kwa uzito huo mdogo, hata springi za kiwandani zinakaribia kuwa ngumu mno. Sasa ongeza bamba, kwa kuwa dereva alisema gari limelala. Kitanda kiko nyuma, jirani na ekseli, mahali ambapo kila shimo hufika bila kupunguzwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeidhinisha matengenezo hukaa ofisini, dereva hukaa mbele, na mzigo unabebwa na mwanamke ambaye hakuna aliyemuuliza lolote.

Walioziunda Land Rover za zamani za Series walijua kwamba upande wa dereva hubeba uzito usiolingana na upande wa pili, wakafunga springi zinazotofautiana kushoto na kulia. Kiwanda kilifikiria uzito wa mtu mmoja kwenye kiti kimoja. Sisi tunashindwa kufikiria aliyelazwa nyuma.

Najua fedha ni kidogo. Najua pia kwamba anayesomba gunia kumi za mahindi kila siku anahitaji springi nzito, na fundi anafanya kazi kwa vilivyopo. Lakini mengi ninayodai hayana gharama kubwa. Pitisha gari kwenye mizani, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, likiwa na mzigo wa siku za kawaida badala ya ule wa mara moja kwa mwaka. Pima unene wa kila bamba kabla ya kulinunua, na ulinganishe na unalolitoa. Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja. Angalia shokapu na bushi kabla ya kuilaumu springi, maana bushi iliyokufa hulia kama springi mbovu. Bushi za mpira zikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na yu-bolti zirudie baada ya siku chache za kazi. Na kama springi zimechoka kweli, tafuta fungu zima la mzigo wako. Bamba la yatima kutoka gari jingine halijui lilikotoka wala linakokwenda.

Kwa magari ya umma nina sharti moja la ziada. Yeyote anayetia saini ya kuongeza springi za ambulensi apande kwanza nyuma, alale kwenye kile kitanda, gari liende kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya kwa mwendo wa rufaa. Wakifika, apewe kalamu.