MTIHANI WA BASTOLA SI ADUI WA UHURU

Tumechoshwa na watu wanaolichezea neno Uhuru. Neno hilo halikuokotwa njiani. Watu walifungwa kwa ajili yake na wengine walilifia. Leo twaambiwa kwamba katika jimbo la Texas, huko Marekani, uhuru umeongezeka tangu tarehe 1 Septemba 2021, kwa sababu tangu siku hiyo mtu wa miaka 21, maadamu sheria haimkatazi kuwa na silaha, aweza kutia bastola kiunoni na kwenda nayo mjini bila leseni, bila darasa, na bila mtihani wa kulenga shabaha. Gavana alitia sahihi, watu wakapiga makofi. Hata baadhi ya ndugu zetu wanaokaa Houston na Dallas, watu wanaosema Kiswahili kama sisi, wanashangilia pamoja nao. Sisi hatushangilii, na tutasema kwa nini.

Kwanza yafaa msomaji aujue mtihani wenyewe, maana wengi wanaoutukana hawajapata kuuona. Leseni haikufutwa, atakaye bado aweza kuiomba, na wengi huiomba kwa kuwa majimbo mengine huitambua. Mwombaji husimama mbele ya mwalimu aliyeidhinishwa na serikali ya jimbo. Hutundikiwa karatasi yenye picha ya kivuli cha mtu, kichwa na kiwiliwili, mara nyingi imepigwa wino mweusi (rangi hiyo tumeitazama, tukanyamaza). Hupiga risasi 50: 20 akiwa yadi 3 tu, 20 akiwa yadi 7, na 10 za mwisho akiwa yadi 15. Muda umehesabiwa, risasi 5 za kwanza hupewa sekunde 2 kila moja. Risasi ikiingia katikati ni alama 5, ikienda kando kidogo ni 4, ikigusa sehemu iliyobaki ya picha ni 3, na ikitoka nje haina kitu. Alama zote ni 250. Apataye 175 amefaulu.

Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe. Mtu aweza kupiga risasi 35 katikati, na 15 nyingine zisiguse hata ukingo wa picha, akapata 175 kamili na kwenda zake na cheti. Risasi 15! Uwanjani kuna kizuizi nyuma ya karatasi, nacho hupokea makosa yote kimya. Dukani hakuna kizuizi. Nyuma ya mwizi yuko mwenye duka, na nyuma ya mwenye duka yuko mtoto wake aliyekaa juu ya gunia. Tena karatasi haikimbii, haina kisu, wala haimtii mtu hofu ya kumfanya asahau jina lake. Sasa wale wasemao kwamba mtihani huu ni kongwa shingoni mwa raia, watuonyeshe uzito wake uko wapi. Asiyeweza kupata 175 mchana kweupe, mwalimu akiwa kando yake, anadai haki ya kufanya kazi hiyo hiyo usiku katikati ya watu?

Hapo wapinzani wetu hutoa hoja moja ambayo hatuidharau, kwa sababu ni ya kweli. Wasema leseni ni fimbo ya mkubwa. Ndiyo, imekuwa hivyo, na aliyepigwa nayo ni mtu mweusi. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya Mchungaji Martin Luther King, huko Montgomery katika jimbo la Alabama, ilitupiwa bomu, mkewe na mtoto wake mchanga wakiwa ndani. Akaomba ruhusa ya kubeba bastola. Akanyimwa. Kule New York, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipolibatilisha sharti hilo mwezi Juni 2022, mwombaji alitakiwa aonyeshe sababu ya kutosha, na aliyepima utoshelevu wa sababu hiyo alikuwa ofisa wa leseni.

Nasi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, setla alikwenda na bastola yake mezani na kitandani. Mwafrika aliyekutwa na silaha au risasi bila ruhusa aliweza kunyongwa. Mwaka ule ule wa 1956 Dedan Kimathi alishitakiwa Nyeri, na kosa aliloshitakiwa lilikuwa kuwa na bastola na risasi 6 bila ruhusa. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Ni Bwana Shauri gani angalimpa ruhusa hiyo?

Lakini tazameni vizuri, ndugu. Katika habari hizi zote, ni nani aliyenyimwa kwa sababu alishindwa kulenga shabaha? Hakuna. King hakutundikiwa karatasi apige risasi 50 zihesabiwe. Kilichomnyima ni hiari ya mtu aliyeketi nyuma ya meza, aliyemtazama usoni na kuamua. Hiari ile ndiyo dhuluma. Mtihani ni jambo jingine kabisa, na wanaoyachanganya mawili hayo ama hawakufikiri au wanatudanganya makusudi.

Twasema zaidi: mtihani wa namna hii ni adui wa hiari ile. Karatasi haisomi jina. Haiulizi baba yako alizaliwa wapi. Tundu la risasi halina rangi, na alama 175 za mfagiaji wa hospitali ni sawa na alama 175 za mwenye visima vya mafuta. Texas ilipoanza kutoa leseni hizi mwaka 1996, sheria ilisema atimizaye masharti lazima apewe. Mkubwa hakuachiwa nafasi ya kumchunguza uso. Basi katika nchi yenye ubaguzi mwingi kiasi kile palikuwa na jambo moja lililopimwa kwa kipimo kimoja, na hilo ndilo waliloliondolea watu ulazima, wakaliita jambo hilo ukombozi.

Na hiari yenyewe je, imeondoka? La! Imetoka ofisini ikaenda kusimama barabarani. Philando Castile alikuwa msimamizi wa jiko la shule mjini St. Paul, Minnesota. Alikuwa na leseni halali ya kubeba bastola, na katika jimbo hilo leseni haipatikani bila mafunzo. Tarehe 6 Julai 2016 polisi alisimamisha gari lake. Castile akamwambia askari, kwa adabu, kwamba anayo silaha. Askari akafyatua risasi 7 akiwa amesimama kwenye dirisha la gari. Tano zilimpata, mbili zikamkosa, na ndani ya gari ile alikuwamo mwanamke na mtoto wake wa miaka 4. Castile akafa. Mwezi Juni 2017 jopo la mahakama lilimwona askari hana hatia.

Kwa hiyo mtihani usifutwe, uongezwe! Katika risasi zote 50 za Texas hakuna hata moja ambayo mwombaji anatakiwa aizuie. Darasani huelezwa sheria, na huelezwa namna ya kutuliza ugomvi bila silaha, lakini uwanjani kila amri ni ya kupiga. Twataka pawepo karatasi ya mtu asiye na hatia, na atakayeipiga ashindwe papo hapo, hata akiwa na alama 245. Na wa kwanza kufanyiwa mtihani huo awe askari wa barabarani.

Liko jambo moja tutakalolisema dhidi ya upande wetu. Ada ya serikali ni dola 40, nayo si nyingi, lakini mwalimu naye hulipwa, risasi hununuliwa, na mtu anayefanya kazi zamu mbili hupoteza mshahara wa siku. Kipimo kilicho sawa uwanjani si sawa mlangoni. Dawa yake ni serikali ya jimbo kufungua viwanja na kuwapima watu bure, si kuwaacha wasiopimwa wajae mjini.

Kwa ndugu zetu walioko huko tuna neno. Aliye na viza ya matembezi au ya masomo, kwa kawaida sheria ya Marekani humkataza hata kuwa na bastola. Asidanganywe na makelele ya 2021. Aliye na haki ya kukaa daima, na ambaye ameamua kwa akili yake kwamba lazima awe nayo, aende akafanye mtihani ingawa halazimishwi. Na jirani akimcheka kwa kupoteza dola zake na Jumamosi yake, amletee karatasi ile, wakae pamoja wahesabu matundu yaliyoko nje ya picha.